Siku Tatu Nilizompotezea Hedi

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza wazee, nimesikia mnaniita auntie wa zamani. Sina neno. Hata gari langu ni la zamani na bado linanifikisha kanisani, mradi mtu asiliangalie sana. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kuwafaa kazini, nami nimekaa jikoni kwangu Brooklyn Park wiki mbili nikitafuta mambo ambayo nilifanya vizuri. Hayakujaza ukurasa. Basi nitawaandikia niliyoyakosea, maana hayo ninayo ya kutosha.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilitoka Kisii nikaja Minnesota, na safari hiyo moja ilinitosha maisha yote. Kwenda Maple Grove kwangu ni kusafiri; nabeba chai kwenye chupa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapita kidogo kuliko nilivyomwambia mama. Kwa hiyo mkisikia kwamba niliwahi kufika Ulaya, kwenye milima ambayo ina theluji kileleni hata mwezi wa sita, msidhani nilikwenda kuona dunia. Nilimpeleka mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye nataka kuwaambia habari zake.

Lakini ngoja kwanza niwaambie tulivyofanya kazi. Nyinyi mna mashine ya kumnyanyulia mzee, unabonyeza, anapanda kama malaika. Sisi tulinyanyua kwa migongo, wanawake watatu na mkeka wa kitambaa, moja, mbili, tatu, na leo nikiinama kuokota kijiko lazima niage kwanza. Mashine ilipokuja kwenye nyumba yetu ya wazee pale New Hope, mimi ndiye niliyejitia kujua. Nikampandisha mzee mmoja, fundi wa umeme wa zamani, kisha nikabonyeza kitufe kisichofaa, mashine ikagoma. Akabaki ananing'inia hewani. Mimi machozi yananilenga. Yeye akaangalia dari akaniambia, "Kwa kuwa niko huku juu, niletee balbu nibadilishe." Tangu siku hiyo sijawahi kugusa mashine ya mtu kabla sijaona mwenyewe akiitumia. Shikeni hilo.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mama Furaha, Mkongomani kutoka Bukavu. Alikuwa na mwili mkubwa na mikono myepesi. Alinifundisha kupima joto la kitambaa cha kuogeshea kwa ngozi ya ndani ya mkono wangu, si kwa vidole, maana vidole vilivyozoea moto wa jikoni husema uongo. Alinifundisha kuchuchumaa mpaka macho yangu yawe sawa na ya mgonjwa. "Ma chère, mpenzi wangu," alikuwa akisema, "unasimama juu yake kama polisi ya barabara. Atakupenda namna gani?" Na alinifundisha lile ambalo nyinyi mmefundishwa darasani kwa maneno marefu: mzee aliyepotewa na kumbukumbu usimsahihishe. Akisema mume wake yuko bustanini, usimwambie alizikwa. Mwulize anapanda nini. Mfuate alipo, kisha mgeuze polepole, kwa kahawa, kwa kazi ya mikono, kwa chochote.

Nililishika somo hilo kuliko yote. Nililishika mpaka likanifanya kiziwi.

Hedi alikuja kwetu akiwa na miaka themanini na mitano. Mwanamke mdogo, mgongo umenyooka, nywele amezisuka akazizungusha kichwani kama ngata. Alizaliwa kwenye bonde moja la milima ya Alpi, akaishi Minnesota tangu ujanani, mumewe Silvano akafia hapa. Binti yao mmoja, Linda, alikaa Maple Grove na alikuja kila Jumapili akiwa na maua na haraka. Hedi alikuwa na lugha tatu na alizipoteza kama mtu mwenye mfuko uliotoboka. Kizungu, hiki Kiingereza chetu, kilibaki vipande vipande. Kitaliano, lugha aliyozungumza na Silvano miaka yote nyumbani, ndicho alichonitupia mimi nikimvisha soksi. Kijerumani cha kwao alikisema usingizini.

Na kila asubuhi, kabla ya habari ya asubuhi, aliniuliza, "Luis amekuja?"

Nami kila asubuhi, mwanafunzi mwema wa Mama Furaha, nilimjibu, "Yuko njiani, mama. Tunywe kahawa kwanza." Kisha nampa maapulo amenye. Aliyamenya kwa utepe mmoja mrefu usiokatika, na akimaliza amesahau alichouliza. Nikaona nimeiweza kazi. Kwenye kitabu cha zamu niliandika: amechanganyikiwa, anamwulizia mtu, ametulizwa. Niliandika hivyo miaka miwili. Sikuwahi kumwuliza Linda, Luis ni nani?

Linda ndiye aliyenikuta siku moja nikijibu jibu langu la kahawa. Akasimama mlangoni na maua yake. "Anamwulizia Luis? Tangu lini?"

"Tangu alipokuja hapa. Si mjukuu?"

"Moraa," akasema, "Luis ni ndugu yake. Na yuko hai."

Habari ikatoka siku hiyo. Hedi alikuwa binti wa shamba, Mjerumani kwa lugha, na akampenda Silvano, kijana Mtaliano aliyefanya kazi kwenye reli. Katika bonde lile hilo lilikuwa jambo zito. Nchi ilikuwa zamani ya upande wa Kijerumani, vita vikaisha, mpaka ukahamishwa, ikawa chini ya Wataliano, watu wakabaki palepale na mashamba yao na hasira zao. Baba yake Hedi alikataza mtu yeyote wa nyumba ile asiende kumuaga siku ya kuondoka na Silvano kuja huku. Luis, mdogo wake wa miaka kumi na sita, alimwahidi kwa siri kwamba atakuja stesheni. Hedi alingoja mpaka gari la moshi likaondoka. Aliandika barua miaka na miaka. Luis hakujibu hata moja.

Kwa hiyo yule mama hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa bado yuko stesheni, anauliza swali la haki, na mimi nampa maapulo.

Daktari alisema kama ni kusafiri, iwe sasa, baada ya miezi mitatu hatasafirika. Linda alikuwa ametoka kutengenezwa nyonga na alitembea na magongo. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu. Linda akaniangalia, nami nikaangalia dirishani kama mtu asiyesikia, lakini mjue dhamiri ilishanikamata shati. Nikasema nitakwenda. Usiku huo mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe ambaye ukienda kwa dada yako New Hope unarudi kabla ya chakula?"

Nilijiandaa kama mtahiniwa. Nilinunua soksi za kubana miguu za Hedi na zangu. Niliandika dawa zake kwenye karatasi tatu, nikaziweka mifuko mitatu. Na wiki zile za mwisho nikajifunza Kitaliano kwa simu, nikisugua bafu, maana ndicho Hedi alichozungumza nami. Nilitaka nifike kwa ndugu yake kwa heshima, nimsalimie mzee wa watu kwa lugha ya kwao. Mnaona ninakoelekea? Mimi sikuona.

Bonde lenyewe sitaki kulisema vibaya. Milima ya Kisii imevaa migomba na majani chai, hiyo imevaa miti myeusi, na juu kabisa mawe matupu. Chini ni miapulo imepangwa kama wanafunzi paredi. Kila kibao cha barabara kina majina mawili ya mji mmoja, la Kijerumani na la Kitaliano. Kwenye nyumba ya wageni walitupa tambi za Kitaliano na madonge ya mkate ya Kijerumani kwenye meza moja. Kanisani palikuwa na karatasi ya ibada: saa hii Kijerumani, saa hii Kitaliano. Nikacheka peke yangu, nikakumbuka kanisa letu Brooklyn Park, matangazo yakisomwa kwa lugha moja wale wa lugha nyingine wanakunja mikono na kuangalia viatu. Nilicheka, wanangu, lakini sikuwaza zaidi ya hapo. Mtu wa Kenya, aliyekua akijua ni mlango gani unabisha kwa lugha gani, niliona majina mawili kwenye kibao nikadhani ni ukarimu.

Asubuhi ya kwanza Hedi aliamka macho yakiwa safi. Aliangalia mlima dirishani, akautaja kwa jina lake. Kisha, "Luis amekuja?"

"Leo, mama," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza nilidhani nasema kweli.

Mwenye nyumba ya wageni akakaa na Hedi, mimi nikapanda kwa teksi mpaka shambani kwa Luis nimwandae kwanza, maana wazee hawapendi kushtukizwa. Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba sukari kilo mbili na majani ya chai ya kwetu, kama mtu anayejua kwenda kwa watu. Nikabisha. Akafungua mwenyewe: mzee mrefu, kofia kichwani, mashavu mekundu, na pua ileile ya Hedi. Nikainama kidogo, nikaitoa salamu yangu yote ya Kitaliano, ile ya wiki nyingi za kusugua bafu, pamoja na kuuliza hali ya familia.

Aliniangalia. Aliangalia sukari. Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, mpaka nikasikia komeo.

Nikadhani ni kwa sababu ya weusi wangu. Nikashuka na hasira, sukari nimeiacha kizingitini. Nilikuwa na hakika kabisa, na nilikuwa nimekosea kabisa.

Jioni akaja mwanamke wa makamo, amebeba mfuko wa sukari. Alikuwa Greti, mke wa mtoto wa Luis, mfanyakazi wa hoteli mjini, anayejua Kizungu. "Baba mkwe anarudisha hii," akasema, amekwishaona aibu. "Anauliza Wataliano wanataka nini kwake, na kwa nini wamemtumia sukari."

"Wataliano gani? Mimi ni Mkisii!"

"Ulimsalimia kwa Kitaliano. Kwenye mlango ule. Alilazimishwa lugha hiyo shuleni kwa viboko. Mimi mwenyewe sijawahi kumsikia akiisema, ila na daktari wa ng'ombe."

Nilikaa kitandani. Nikamwuliza, "Na kama ningemsalimia kwa Kizungu kibovu?"

"Angekukaribisha maziwa," akasema Greti.

Nikamweleza yote: Hedi ni nani, yuko chumba hiki, ameuliza nini kila asubuhi. Greti alikuwa hajui kama shangazi huyo yuko hai. Akamtazama Hedi aliyekuwa amesinzia kitini, akaona ile pua, akashika mdomo. Akaondoka mbio.

Siku ya pili Luis hakuja. Greti alipiga simu: mzee amesikia, ameingia zizini, hazungumzi na mtu. Hedi aliuliza mara mbili. Siku ya tatu aliuliza mara moja, alasiri, kwa sauti ya mtu anayeulizia basi ambalo si lake. Nyinyi mtaiona hali hiyo. Ukimhamisha mzee wa namna hii, kitanda kipya, choo kipya, mwanga unaingia upande mwingine, anachoka ndani kwa ndani, na kila kinachoshikilia kumbukumbu kinalegea. Nilimwona akiteleza. Nilimwimbia, nilimpa maapulo. Alikata ganda vipande vipande.

Nilimpigia Greti, nikamwambia, "Mwambie baba mkwe wako akasirike na mimi, si na dada yake. Mwambie kila saa anayokaa zizini, dada yake anamsahau. Si maneno ya kumtisha. Ni kazi yangu, naijua."

"Nimemwambia," akasema. "Anasema atafika kwake na uso gani."

Siku ya nne Hedi hakuuliza kitu. Nikamngojea. Nilimvisha, nikamsuka, nikakaa mbele yake nikichuchumaa. Hakuuliza. Jamani, swali nililokuwa nikilikimbia miaka miwili, siku hiyo ningelilipia.

Luis akaja saa tano asubuhi, siku hiyohiyo. Greti amemshika kiwiko. Alikuwa amevaa koti la ibada na amenyoa mpaka akajikata. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Nikampisha kiti changu, akakataa kwa kichwa. Greti akakaa ukingoni mwa kitanda, awe ananitafsiria kwa sauti ya chini.

Hedi akamtazama muda. Uso wake ukafunguka. Akasema, kwa Kitaliano, "Silvano. Umechelewa."

Luis akageuka kwangu. Hakuwa na haja ya lugha. Jicho lake liliniuliza, nifanye nini? Nami niliyeiva katika kazi hii nikamwambia Greti, "Mwambie asimsahihishe. Amfuate alipo."

Greti akamwambia. Yule mzee akasimama pale na jina la mtu ambaye kwa ajili yake alipoteza dada miaka zaidi ya sitini. Kisha akajibu kwa Kitaliano, kizito, cha shuleni. Greti akanishika mkono. "Amesema, nisamehe, nimechelewa."

Wakaongea. Hedi akamwambia reli ina baridi, afunge shingo. Luis akasema ndiyo. Hedi akamwuliza kama mizigo imepakiwa. Akasema ndiyo. Mimi nikawaza, Moraa, umefanya vizuri, angalau sauti yake ameisikia. Hapo ndipo Hedi akasema, "Luis hakuja kuniaga."

Luis akafunga macho. Akasema, na Greti akanitafsiria, "Alikuja. Alisimama nyuma ya makreti ya maapulo, mwisho wa jukwaa. Aliogopa baba. Alikuona ukipanda."

Hedi akakaa wima. Akamkazia macho yule aliyedhani ni mumewe. "Ulimwona? Na hukuniambia? Miaka yote hii hukuniambia?"

Wanangu, nimekaa na wazee miaka ishirini na mitatu, na sijawahi kuona uso umefungwa vile. Silvano, mtu ambaye hakujua lolote, amelala makaburini Minnesota, akahukumiwa pale mbele yangu kwa kosa la mwingine, na aliyemfundisha Luis uongo ule ni mimi. Luis akanitazama tena. Mama Furaha hakunifundisha cha kufanya uongo mwema unapomng'ata mtu asiyekuwepo.

Basi Luis akaacha Kitaliano. Akasema kwa lugha yao ya nyumbani, ile Hedi aliyokuwa akiisema usingizini: "Hedi, Silvano hakujua. Aliyejificha ni mimi. Mimi ni Luis."

Hedi alimwangalia kwa makini na adabu, kama unavyomwangalia mtu aliyekosea nyumba. "Luis ni kijana," akasema. "Hata ndevu hajaota."

Akajaribu tena. Akataja jina la mama yao, akataja mbwa waliyekuwa naye. Hedi akatikisa kichwa, si kwa ukali. Hasira ilishamtoka, na Silvano pia alishamtoka, na stesheni. Luis akaanza kulia akiwa amesimama, kofia ameikunja kifuani, bila sauti, kama watu wasiozoea.

Hedi akanigeukia mimi, akanena kwa Kizungu chake kilichobaki, taratibu, kama mwenye nyumba anayejua wajibu wake. "Mzee huyu amefiwa. Kwa nini mmemsimamisha? Mpishe akae."

Nikainuka. Safari hii Luis hakukataa. Akakaa kwenye kiti changu, magoti yao yakakaribia kugusana, na Hedi akauchukua mkono wake akauweka katikati ya mikono yake miwili. Alimpa pole kwa Kijerumani cha kwao, mara tatu. Hakumwuliza amefiwa na nani.